Nilimtafuta 'mtu wa ndani' nikasahau hesabu ya dripu

Siku niliyorudi Zombe na leseni ya uuguzi mkobani, mama alichinja jogoo wa mwisho aliyekuwa amebaki nyumbani. Hiyo ilikuwa Machi 2022. Kabla nyama haijaiva, majirani watatu walikuwa wamekwisha kuketi chini ya mwembe wakinisubiri. Mmoja goti lilikuwa likimuuma, wa pili alikuwa na presha, na wa tatu, mzee wa rika la marehemu baba, alitaka tu kuiona hiyo leseni. Aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza mbele na nyuma, kisha akaniuliza:

"Sasa sista, umeandikwa wapi?"

Nikamwambia bado, lakini nitatafuta.

"Una mtu ndani?"

"Sina, mzee."

Alinirudishia karatasi yangu akitikisa kichwa, kana kwamba nimemwambia nina ugonjwa usio na dawa.

Labda nieleze leseni yenyewe ni kitu gani, maana hata mjomba wangu alidhani ni barua ya kazi. Nilisomea uuguzi katika chuo cha KMTC mjini Kitui. Ukimaliza chuo hujawa muuguzi bado. Unafanya mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya, na ukipita jina lako linatiwa katika sajili, ndipo unapewa leseni. Bila leseni hiyo ni kosa kisheria kufanya kazi ya uuguzi. Ukiwa nayo unaruhusiwa kufanya kazi, lakini hakuna mtu aliyelazimishwa kukupa hiyo kazi. Ni kama leseni ya udereva: haiji pamoja na matatu.

Wazee wa kwetu wanakumbuka enzi nyingine. Wakati wao, aliyefuzu katika chuo cha serikali alipelekwa kituoni moja kwa moja, na mtindo huo ulikoma katika miaka ya 1990 serikali ilipoanza kupunguza watumishi wake. Kisha Katiba ya 2010 ikazikabidhi kaunti huduma za afya, na tangu 2013 kila kaunti ina bodi yake inayotangaza nafasi, kuhoji na kuajiri. Kwa hivyo mtafutaji wa leo hana mlango mmoja wa kubisha, anayo 47, na juu yake hospitali za misheni, za watu binafsi na zile kubwa za rufaa. Wengi husema ukitoka nje ya kaunti yako hakuna atakayekutazama. Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia ziwaendee watu wasio wa jamii kubwa ya kaunti hiyo. Sheria ni kitu kimoja na utekelezaji ni kingine, najua, lakini niliiandika katika daftari langu nikaipigia mstari.

Nilianza na karatasi, na hapo ndipo nilipogundua kwamba mimi ni watu wawili. Kitambulisho changu kilikuwa na majina matatu. Cheti cha kidato cha nne kilikuwa na mawili, na jina la baba lilikuwa limepungukiwa na herufi moja. Chuoni hakuna aliyejali. Mwajiri anajali, kwa sababu yeye mwenyewe anaweza kuangalia jina lako katika sajili ya Baraza, na asipoliona kama lilivyo katika vyeti vyako anakuweka kando bila hata kukuandikia. Ikanibidi niende mjini Kitui kula kiapo mbele ya wakili kwamba mimi ni mimi. Nililipia kiapo hicho. Kisha cheti cha tabia njema, shilingi 1,050, na alama za vidole zikachukuliwa Huduma Centre. Kisha ushahidi kwamba sina deni la kodi, kwamba mkopo wa elimu unajulikana ulipo, kwamba sijakimbia na pesa za benki yoyote. Mtu ambaye hajawahi kupokea mshahara anatakiwa kuthibitisha kwamba amelipa kodi ya mshahara! Mwaka huo huo wa 2022 sheria ya ajira ilirekebishwa ili mwajiri asidai vyeti hivyo mpaka awe ameamua kumpa mtu kazi. Mimi tayari nilikuwa nimetumia nauli na ada zilizotokana na mbuzi wawili.

Na mbuzi wakati huo hawakuwa wa kuchezewa. Mvua zilikuwa zimekataa Ukambani tangu mwisho wa 2020. Ndengu zilikauka zikiwa na majani manne, na mifugo iliyopelekwa sokoni Zombe ilikuwa mbavu tupu. Wanunuzi walijua hatuna la kufanya, wakataja bei walizotaka.

Kufikia Juni nilikuwa nimetuma barua 19. Nyingi za nafasi hizo zilitaka 'uzoefu wa miaka miwili', nami nilikuwa na uzoefu wa siku nilizosimama wodini nikiwa mwanafunzi. Rafiki mmoja aliniambia niachane na Kenya niende Uingereza, kwa kuwa nchi hizi mbili zilitia sahihi mkataba wa wauguzi mwaka 2021. Nikamkumbusha kwamba Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alieleza mwishoni mwa 2021 kuwa kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza wa kwenda huko, waliopita walikuwa 10. Tulicheka sana. Kicheko hicho kilikuja kunirudia.

Julai niliitwa kwa mahojiano. Ilikuwa hospitali kubwa ya kibinafsi jijini Nairobi ambayo sitaitaja. Nilipanda gari Kitui alasiri, nikashuka Machakos Country Bus usiku, nikalala kwa binamu yangu Pipeline, watu watano katika chumba kimoja. Sare yangu nyeupe niliining'iniza dirishani na kuilinda kama mboni ya jicho. Asubuhi tulikuwa zaidi ya 60 kwenye foleni. Nafasi zilikuwa nne. Mbele yangu dada mmoja alikuwa akizungumza kwenye simu, anacheka, anasema "Sawa anko, nimefika." Moyo wangu ulianguka papo hapo. Nikajiambia: nafasi tatu zimebaki.

Kwanza tulipewa mtihani wa kuandika. Swali la nne lilikuwa hili: mgonjwa apewe lita moja ya maji ya chumvi kwa saa nane, mpira unatoa matone 20 kwa kila mililita, je, yapite matone mangapi kwa dakika? Ni hesabu ya mwaka wa kwanza. Unazidisha mililita 1,000 kwa 20, unagawanya kwa dakika 480, unapata kama 42. Mimi nilikuwa bado namfikiria yule dada na anko wake. Niligawanya kwa nane, nikaandika matone 2,500, nikasonga mbele.

Kisha chumba cha jopo, watu watatu mezani. Metroni alikuwa mama mnyamavu mwenye miwani. Aliniuliza kama nimewahi kutumia mashine ya kusukuma dawa mshipani, ile inayopangiwa kasi kwa vitufe. Katika hospitali nilizofanyia mazoezi mashine hiyo nilikuwa nimeiona kwa mbali tu. Nikasema ndiyo, mara nyingi. Akamgeukia mwenzake, wakaileta. Akasema, "Tafadhali, ipange mililita 125 kwa saa." Nilibonyeza kitufe kimoja, ikalia. Nikabonyeza kingine, ikalia zaidi. Hakunikemea. Aliizima kwa kidole kimoja, akaandika kitu, akanishukuru kwa kufika.

Binamu yangu aliniuliza jioni mambo yamekwendaje. Nikamwambia, "Wana watu wao."

Nilisema hivyo pia kwa simu, mama aliponipigia. Na kwa mjomba. Na kwa yule mzee wa mwembeni niliporudi. Hakuna aliyeuliza zaidi. Ndio uzuri wa maneno hayo, kwamba kila mtu Kenya anayo sababu ya kuyaamini. Zipo kazi zinazouzwa, sitajifanya sijui. Nina rafiki niliyesoma naye ambaye aliambiwa bei waziwazi. Lakini siku ile mimi sikunyimwa na mtu wa ndani. Nilinyimwa na dakika 480. Hili nililijua kabla hata sijafika kituo cha magari, kwa maana nilipokuwa nikitembea nilirudia hesabu kichwani. Matone 2,500 kwa dakika ni mililita 125. Lita ambayo ingechukua saa nane ingeingia kwa dakika nane. Mpe mzee mwenye moyo dhaifu maji hayo, au mtoto, uone kama atakiona kitanda chake kesho yake.

Nililijua nikanyamaza. Wiki tatu baadaye mjomba alikuja na mgeni, bwana aliyevaa viatu vilivyong'aa katikati ya vumbi letu. Bwana huyu alikuwa na mkono mrefu, mjomba alisema, aliwajua wakubwa wa hospitali kadhaa Nairobi. Kazi ilikuwa shilingi 100,000. Zingetangulia 40,000, na salio ningelipa nikishaandikwa. Niliketi pale nikimsikiliza akinitajia majina ya watu. Nilipaswa kusema. Nilisema tu kwamba nitafikiria.

Mama hakungoja nifikirie. Siku ya soko iliyofuata nilikuwa Kitui kufuatilia cheti, naye akatoa ng'ombe wawili. Ng'ombe wa kwanza, ambaye mwaka wa mvua angepata shilingi 35,000, alikwenda kwa 14,000. Wa pili 13,000. Akaongeza mbuzi sita. Niliporudi zizi lilikuwa wazi, na pesa zilikuwa zimekwisha kupelekwa.

Siku mbili nilishindwa kula. Siku ya tatu tulikwenda mtoni kuchota maji. Mito yetu ni ya mchanga, unachimba kisima, unangoja maji yakusanyike, unateka kwa kikombe. Mama alikuwa ndani ya shimo, kichwa tu kinaonekana, ananipa kikombe baada ya kikombe nami namimina mtungini. Nafikiri niliweza kusema kwa sababu hakuwa akinitazama.

"Mwaitu, kule Nairobi hawakuninyima kwa sababu sina mtu. Nilikosa hesabu. Halafu nikawadanganya kuhusu mashine."

Mkono wenye kikombe ulisimama hewani. Kisha ukashuka, ukateka, ukapanda tena. Tulijaza mitungi yote minne bila neno. Njiani bila neno. Nilitamani anitukane. Usiku, baada ya kula, akavuta kigoda karibu na taa, akasema: "Nionyeshe hiyo hesabu."

Mama yangu aliacha shule darasa la tano. Nilimweleza kwa kadiri nilivyoweza: maji haya, muda huu, matone hivi. Akafikiri. Akasema mtungi wa lita 20 sisi tunaugawa siku mbili, asubuhi kiasi, jioni kiasi, na mtu akiumwaga wote asubuhi kwa sababu alidhani siku ni moja, watoto watalala na kiu. "Wewe ulidhani saa ni dakika," akasema. "Hujakosa kusoma. Hukutulia." Kisha akazima taa, na kuhusu ng'ombe hakusema lolote usiku huo wala baadaye. Simu ya yule bwana tulipoipiga ilikuwa haipatikani.

Nilikwenda kituo cha afya cha kwetu nikaomba nijitolee bila malipo. Muuguzi mkuu wa pale, mama ambaye amezalisha nusu ya vijana wa lokesheni yetu, alikubali kwa masharti mawili: nifike saa moja, na kila jioni nifanye hesabu kumi za dawa mbele yake kabla ya kwenda nyumbani. Dripu, dawa za watoto kwa kilo, chupa ya miligramu hizi kwa mililita zile. Nilipopatia kumi alinipa nyingine huku akinisemesha mambo ya harusi ya binti yake, makusudi, ili akili ihame. Ndiye aliyenifundisha pia kujibu nisilolijua. "Ukisema 'sijui' ukanyamaza, umemwacha mgonjwa peke yake. Sema hujui, useme utamwuliza nani, na mpaka aje utakuwa unafanya nini." Nimekutana na walimu wengi wenye digrii. Hakuna aliyeniambia neno lenye faida zaidi.

Novemba 2022 nikaitwa tena, safari hii hospitali ya misheni katika kaunti nyingine, mbali na Ukambani. Kulikuwa na mtihani wa kuandika, na hesabu ya dripu ilikuwemo, tofauti kidogo. Niliifanya mara mbili, mara ya pili nikianzia mwisho. Kisha tukapelekwa kwenye mdoli mmojammoja kuonyesha jinsi ya kumwamsha mtu ambaye moyo wake umesimama: kumbonyeza kifua mara 30, pumzi 2, kwa kasi ya kati ya 100 na 120 kwa dakika. Mvulana aliyenitangulia alibonyeza taratibu kana kwamba anakanda chapati. Ndipo nikaingia kwa jopo.

Swali lao kubwa lilikuwa la mama aliyejifungua dakika 20 zilizopita. Damu inazidi kutoka, daktari yuko chumba cha upasuaji, wewe uko peke yako na mwanafunzi. Wengi, nilisikia baadaye, walianza na kumwita daktari wakaishia hapo. Nilisema ningepaza sauti kuita msaada bila kuondoka kitandani, ningesugua tumbo la uzazi likaze huku mwanafunzi akileta dawa na kupima presha, ningempa oksitosini, ningeweka dripu, ningehakikisha kibofu ni kitupu, kisha ningetazama kondo la nyuma kama limetoka zima na kama kuna mahali pamechanika. Na ningepima damu, si kukisia kwa macho. Waliniacha nimalize.

Halafu mmoja wao akauliza kuhusu mashine ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua. Sikuwa nimewahi kuigusa. Nilihisi ule uongo wa Julai ukipanda kooni, uko tayari kabisa, umevaa viatu. Nikasema: "Hiyo sijawahi kuitumia. Ningemwita muuguzi wa kitengo cha watoto, na mpaka afike ningehakikisha mtoto ana joto, pua na mdomo viko safi, na ningehesabu anavyopumua." Mwanamume wa kona aliyekuwa hajasema lolote akainua kichwa. Akaandika. Sijui aliandika nini.

Barua ilikuja Desemba. Kandarasi ya mwaka mmoja, mshahara mdogo kuliko wa kaunti, nyumba ya pamoja na wauguzi wengine wawili. Januari 2023 nikaripoti, nikapewa mafunzo ya wiki mbili na zamu za usiku zisizo na mwisho. Mashine ya kusukuma dawa niliipanga usiku wa tano, msimamizi akiwa nyuma yangu.

Februari simu ikalia. Yule bwana wa viatu. Sauti ilikuwa tamu kama asali.

"Hongera sista! Si nilikwambia? Sasa tumalize ile hesabu. Imebaki 60,000."

Nikamwuliza niko hospitali gani. Akaitaja ile ya Nairobi, ile ya Julai. Nikamwambia asinipigie tena. Nilidhani mambo yameishia hapo, lakini yeye ndiye aliyejua watu kuniliko. Alimpigia mjomba, aliyempasha habari za kuajiriwa kwangu tangu mwanzo, na mjomba akaniambia kwa upole kwamba huenda bwana huyo alizungumza na hao wa misheni pia, wakubwa wanajuana. Nikamweleza juu ya mdoli, juu ya damu, juu ya hesabu. Akaniambia, "Hayo yote ni sawa, lakini bado mtu huhitaji kusukumwa." Hata mama, ambaye alikuwa ameiona hesabu yenyewe kwa taa, aliniuliza mara mbili kwa simu kama tuna hakika hatudaiwi.

Mtamba mmoja nimekwisha kumnunua mama. Wa pili bado.

Desemba 2023 nilipata likizo nikaenda nyumbani. Zile mvua za El Niño zilikuwa zimeshuka, mito ya mchanga imejaa hadi kingo, Zombe kijani kiasi cha kutotambulika. Yule mzee wa mwembeni alinijia siku ya pili. Mjukuu wake alikuwa amefuzu, leseni imetoka, na alikuwa ametuma barua huku na huku bila jibu. Mzee aliketi, akauliza habari za kazi, akazunguka zunguka, kisha akaomba nambari ya simu ya yule mtu aliyenisaidia.

Nikamwambia hakuna mtu. Nikamwambia kijana aje Jumamosi na kalamu na daftari, nitakaa naye kutwa, na nikirudi kazini tutaendelea kwa simu. Mzee alinitazama kwa muda. Akasema, "Sawa, mwanangu. Kila mtu na siri yake." Alijishikilia kwenye fimbo yake akainuka, na chai hakuimaliza.

Kijana hakuja Jumamosi. Jumatatu nikasikia nambari amepewa na mjomba.